Hezekiah Musembi: Miaka Ishirini na Tisa Mbele ya Picha za Ubongo

Ijumaa tarehe 31 Julai 2009, Bwana Hezekiah Musembi atavua koti lake jeupe baada ya kukitumikia Kituo cha Picha za Tiba Heri Njema kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Ametimiza miaka sitini, na kwa neema ya Mungu anaondoka akiwa na afya njema, akitembea haraka kutushinda sisi tuliobaki. Kamati ya sherehe iliponiomba niandike habari zake, niliwaambia mimi si msomi. Wakasema ni Musembi mwenyewe aliyenitaja. Basi nikatafuta kalamu.

Bwana Musembi ni mwenyeji wa Kangundo. Alikuja kwetu Machi 1980, kituo kilipokuwa vyumba vitatu juu ya duka la viatu katikati ya jiji. Kazi aliyopewa ilikuwa ya chumba cha giza, kuosha filamu za eksirei na kuzianika. Wenzake walimtania kwamba akitoka nje mchana anakunja uso kama popo. Lakini popo huyo alikuwa haaniki filamu kabla hajaiangalia vizuri, na akikosa kuelewa kitu alikuwa anamngoja daktari mlangoni amuulize. Baada ya miaka mitano madaktari walichoka kuulizwa, wakamtafutia nafasi chuoni. Mwaka 1988 alirudi na diploma ya upigaji picha za tiba, akakuta kiti chake kimewekwa, safari hii mahali penye mwanga.

Mwaka 1992 tulipata mashine ya kwanza ya skeni ya kichwa. Mwaka 2003 tulihamia hapa Kilimani na kupata mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku. Kila mashine ilipokuja, watu walidhani itakuja na wenyewe, vijana wa kompyuta, na wazee wataonyeshwa mlango. Kila mara Bwana Musembi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa chini na kitabu cha maelezo. Fundi aliyekuja kuifunga MRI alimwambia, "Mzee, kwa umri huu si ungepumzika?" Musembi hakuinua hata macho. "Nitapumzika nikishajua hiki kitufe ni cha nini."

Wengi mnakumbuka mama mmoja kutoka mtaa wa Jamhuri aliyemleta mumewe. Bwana alikuwa anaumwa na kichwa, lakini mama alikuwa na lake. Alimvuta Musembi kando na kumwomba aangalie kama kwenye ubongo kuna mwanamke mwingine. Sisi tuliokuwa pale mapokezi tulishindwa kujizuia kucheka. Musembi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Mama, mashine yetu inaona nyumba tu. Wageni walioko sebuleni haiwaoni." Bwana alipigwa picha, nyumba ikaonekana iko sawa, na wawili hao wakaondoka wameshikana mikono.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengine mnalijua nusu nusu, maana nisipolisema nitakuwa nimeandika juu ya mtu mwingine.

Mwaka 2005 mimi nilikuwa mhudumu wa wagonjwa. Niliwavalisha gauni, niliwavua pini, sarafu, mkanda na chochote cha chuma, kisha niliwafikisha mlango wa MRI. Mgonjwa anayekwenda kupigwa picha ya ubongo huwa na hofu nyingi. Anaona lile tundu, anauliza kama atatoka. Mimi nilikuwa naomba naye. Tulishikana mikono, tukaomba, halafu nikimwacha kitandani nilikuwa namwambia, "Endelea kuomba, usiache."

Basi ikaanza kuonekana kwamba siku za zamu yangu picha zinatoka zimetikisika. Picha ya ubongo inataka kichwa kitulie kabisa kwa dakika kadhaa, na hizi zetu zilikuwa kama mtu amepita juu yake na kitambaa chenye maji. Zilirudiwa mara mbili, mara tatu. Wagonjwa walijaa kwenye benchi, madaktari wakapiga simu wakilalamika. Siku za zamu ya mwenzangu, picha zilitoka safi. Meneja wetu, Bwana Wahome, aliniita ofisini na kunipa barua ya onyo. Mambo yasipobadilika hadi mwisho wa mwezi, niache kazi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mume wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani tangu Februari.

Nilifikiri ni vita vya kiroho. Nikaongeza maombi. Nilifunga kula, na wagonjwa nikawa nawaombea zaidi na kuwasisitizia zaidi wasiache kuomba. Picha zikazidi kuharibika.

Bwana Musembi alizikagua picha hizo kwa siku mbili. Jumamosi mchana, wagonjwa walipokwisha, alikuja akiwa amevua saa na mkanda, akaketi kwenye benchi yangu. "Mama Mwendwa, leo mimi ndiye mgonjwa. Nifanyie vile unavyowafanyia wote, usipunguze kitu." Nilimvalisha gauni, likamfika magotini, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikaomba naye, nikamwambia aendelee. Kijana wa zamu akaendesha mashine.

Picha ilitoka imetikisika vilevile.

Musembi alishuka akiwa anatabasamu, na mimi nikaona kazi yangu imekwisha. Akaniketisha mbele ya kioo cha kompyuta. "Unaniona hapa kwenye taya? Hapo nilikuwa naomba. Na hapa kichwa kimeshuka, hapo nimesema amina. Nimesema amina nne." Akanieleza polepole. Watu wetu hawajui kuomba kimya. Mkristo wa huku akiambiwa aombe, midomo inatembea, na kila akifika kwa amina anatikisa kichwa kumkubalia Mungu. Na mimi ndiye niliyekuwa nawatuma ndani ya mashine na kazi hiyo.

Nilimuuliza kama basi niache kuomba na wagonjwa. Alikasirika, na ni mara moja tu nimemwona amekasirika. "Nani amesema uache? Wakitoka kwako wanaingia wakiwa hawatetemeki. Wale wa mwenzako wametulia vichwa, lakini nusu yao wanabonyeza kengele watolewe. Wewe maliza maombi hapa kwenye benchi. Amina isemwe hapa, kwa sauti, iishe. Halafu mwambie: kuanzia sasa kuomba ni kwangu, kwako ni kulala. Mungu anamsikia mtu aliyenyamaza."

Jumatatu nilianza hivyo. Wagonjwa walisema amina pale kwenye benchi mpaka wa mapokezi wakaitikia. Wiki hiyo tulirudia picha moja tu, ya mzee aliyepiga chafya. Mwisho wa mwezi Bwana Wahome aliichukua barua yake mwenyewe, akaichana mbele yangu, akasema, "Nisamehe, Mama Mwendwa, sikuuliza." Nampenda kwa hilo, na amenipa ruhusa niliandike.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Musembi hakudhani hivyo. Alianza kunifundisha. Alisema mtu anayejua kwa nini picha imetikisika ameshaanza kazi ya upigaji picha, amebakiza karatasi tu. Nami karatasi sikuwa nayo. Niliacha shule Kidato cha Pili. Alinisumbua mpaka nikajiandikisha, na mwaka 2007, nikiwa na miaka thelathini na tisa, nilifanya mtihani wa Kidato cha Nne pamoja na watoto wanaoniita shangazi. Nilipata C, na Biolojia nikapata B.

Sikuwa peke yangu. Kila Desemba, pale kanisani kwake mtaa wa Satellite, Bwana Musembi huwakusanya vijana waliomaliza shule na kubandika filamu ya kichwa kwenye kioo cha dirisha. Kijana wetu huambiwa awe daktari ama asiwe kitu. Musembi huwaambia kwamba nyuma ya picha hiyo moja kuna riziki za watu wengi. Yuko anayempokea mgonjwa mwenye hofu, na hapo ndipo huanzia kila mara. Yuko anayepiga picha, na muuguzi anayechoma sindano ya dawa ya rangi, ile ya kuikoleza picha. Kuna fundi anayeilinda mashine isipate joto, mtu wa kompyuta anayeituma picha mpaka Kisumu, mtaalamu wa fizikia, na ndipo daktari anayesoma. Hadi leo vijana tisa waliomsikia wakiwa kwenye dirisha hilo wako kazini katika vituo vya nchi hii. Mmoja wao, Debra, ndiye anayechukua kiti chake Jumatatu.

Wakurugenzi walipomuuliza anataka zawadi gani, wengine wetu tulikuwa tumeshaanza kuchangia kochi. Yeye aliomba kila mwaka kituo kimpeleke chuoni mfanyakazi mmoja wa ngazi ya chini, na nafasi yake ya kazi ilindwe mpaka arudi. Wakakubali. Barua ya kwanza ilitoka tarehe 6 mwezi huu, imetiwa sahihi na Bwana Wahome, na jina lililoandikwa juu yake ni langu. Masomo ni miaka mitatu, yanaanza Septemba. Mwendwa wangu yuko Kidato cha Nne, kwa hiyo nyumbani tutagombania meza moja.

Nilikwenda kumshukuru nikiwa na hotuba kichwani. Alinikatiza. "Fizikia umeanza?" Nikamwambia chuo hakijafunguliwa. "Sumaku haingojei chuo," akasema, akageuza bahasha ya barua yangu na kuanza kuchora mishale ya kuonyesha sumaku inavyovuta.

Bwana Musembi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Heri Njema, asante kwa kila picha iliyomwambia mtu ukweli mapema, na asante kwa kuuliza pale ambapo wengine tuliandika barua. Mungu akubariki wewe na mama watoto, shamba la Kangundo lipate mvua, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na zenye amani. Ila simu usiizime. Ile mishale ya kwenye bahasha nimeitazama wiki tatu sasa. Miwili nimeielewa, na huo wa tatu nitaujua kabla ya Septemba.

Lornah Kaluki (Mama Mwendwa)
Chumba cha MRI