Bonde la Wamaza Lisiuzwe

Sogeeni, wanangu. Hervé, funga mlango. Pitchou, kaa karibu na dada yenu Emmanuella, maana neno hili ni la ninyi watatu, na pumzi yangu iko kidogo.

Mnanijua mwalimu wa sekondari hapa Kasongo, lakini kazi niliyoisomea Kisangani ilikuwa ya vyura, nyoka na kobe, kuwajua na kuwalinda wasipotee. Nilikuwa nimeianza tu. Kule Wamaza, katika bonde letu, nilipata chura mwenye tumbo jekundu ambaye wakubwa wangu wa kazi hawakuwa wamemwona, nikamtia pamoja na wenzake katika chupa za dawa ya kuzuia kuoza, yenye harufu kama ya pombe, nikingoja njia ifunguke niwapeleke Kisangani. Vikaja vita. Vijana wenye bunduki waliingia nyumbani, wakanusa zile chupa, na ingawa niliwaambia ni sumu, mmoja wao, Mugisho, mtoto wa jirani yetu, alinicheka: "Dada, kumbe vyura unawapa pombe, sisi unatunyima?" Wakawamwaga vyura wangu chini, wakanywa. Mugisho alikufa kabla jua halijatua, na mama yake, Mwanvua, mpaka leo anasema nilimroga.

Watu wakaniogopa. Marehemu baba yenu alinisihi niiache kazi ile, nikaiacha, nikashika chaki. Nilirudi bondeni masika mengi kumtafuta yule chura. Sikumwona tena, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa huu.

Sasa Emmanuella ameitwa Kisangani kuanza kazi ileile, nanyi kaka zake mnanong'ona kwamba bonde liuzwe kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Sikilizeni. Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi nawaambia, chura akinyamaza, maji yenyewe yamekwisha kuharibika. Nyumba hii na shamba la mihogo ni vyenu, wanangu wa kiume. Bonde ni la dada yenu. Msiliuze, msilikodishe, wala asiitwe mchawi na mtu wa nyumba hii.

Nawe, Emmanuella, kabla hujaondoka, mwendee Mama Mwanvua, umpigie magoti, umwambie nilimlilia mwanawe. Hata asipokujibu, mwambie.

Maji, Pitchou... basi, yanatosha. Hervé, wewe iko na pikipiki. Siku ya safari umpeleke dada yako wewe mwenyewe, usimwachie mtu wa kukodi. Mungu awape riziki isiyo na machozi... awashike wote watatu... Hervé, nipe mkono. Utampeleka?