Hukumu ya Filamu ya Mashuka

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa kinyozi, na ukikaa vibaya upande wa tofali unajikuta umemkumbatia jirani. Hapo ndipo filamu zote za dunia hii huhukumiwa kila asubuhi, bila wakili. Mahakimu ni watatu. Wa kwanza ni Wembe, kinyozi mwenye duka, ambaye televisheni yake iko nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo filamu zote huziangalia kupitia kioo cha wateja huku mashine ikinguruma mkononi. Wa pili ni Rimoti, fundi simu, anayeangalia tamthilia kwenye simu za watu ili kupima vioo alivyobadilisha, tena kwa spidi maradufu, maana mwenye simu akitokea, tamthilia inaondoka naye. Wa tatu ni fundi kufuli wanayemwita Bodi, kama ile bodi ya kukagua filamu, kwa kuwa hakuna filamu aliyowahi kuipitisha. Kahawa humiminwa na Mama Kahawa, ambaye siku zote huwasikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye birika. Asubuhi hiyo alikuwa ameyatega yote mawili.

Sababu alikuwa nayo, ila hakumwambia mtu. Binti yake aliacha chuo cha uuguzi akaenda kutengeneza filamu, na tangu hapo salamu zao zimekuwa za kubana meno. Sasa chuo kimekubali kumrudisha, jibu linatakiwa leo, na binti amemtumia mama yake filamu yake ya kwanza pamoja na swali: niambie ukweli, niendelee au nirudi? Mama akaona yeye mtu wa birika, atasema nini mbele ya mambo ya kitaalamu? Akaahidi kuwauliza wanaojua. Filamu akaitia kwenye flashi, akampa Wembe aizungushe kwa wenzake, akadanganya kwamba kuna mteja kaisahau benchini. Alitaka hukumu isiyo na haya. Wangejua ni ya mwanawe wangeisifu mpaka kahawa ipoe.

— Jana nimeiangalia ile ya wezi wa benki, alianza Bodi. Nimeizima mapema. Jambazi anafungua kitasa cha chuma kwa pini ya nywele. Mimi na vifaa vyangu vyote natoka jasho, yeye pini ya nywele.

— Si filamu tu, bwana, alisema Wembe.

— Filamu ni filamu, mlango ni mlango. Penye nia pana njia, lakini penye kitasa pana fundi. Siipitishi.

— Na wewe Wembe umeona nini? aliuliza Rimoti.

— Makala ya nyangumi. Safi sana. Kitu kilichonigusa ni kwamba nyangumi wote duniani wanaogelea kuelekea kushoto. Mungu ana mpango.

— Wewe unaangalia kwenye kioo, Wembe.

— Kinyozi hajinyoi, alijibu Wembe kwa uzito, na wenzake wakabaki wakitafuta hiyo methali imeingiaje kwenye nyangumi.

Rimoti naye alikuwa na tamthilia ya ukoo unaogombania hoteli. Msimu wa kwanza alikuwa ameumaliza jana kabla ya chakula cha mchana.

— Baba mtu anakufa, anafufuka, anamwoa mkwewe.

— Anafufukaje?

— Sijui. Hapo mwenye simu alikuja, nikadakia mbele kwenye simu nyingine.

— Kwani huwezi kuangalia taratibu kama binadamu?

— Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Mama Kahawa alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Akaifuta kwa kona ya kanga, akajikaza.

— Na ile iliyosahauliwa hapa? aliuliza, kana kwamba anauliza habari za mvua. Ile ya mashuka. Mliiangalia?

— Aa, ile, alisema Wembe, akaweka kikombe chini. Ile nimeielewa yote. Mnamwona yule mama anayefua mashuka ya hospitali? Ndiye muuaji.

— Muuaji wa nani? aliuliza Bodi. Hajafa mtu.

— Ndiyo ujue ni hodari. Kwanza anatumia mkono wa kushoto, na kwenye filamu anayetumia kushoto hafai.

— Kioo, Wembe.

— Kioo nakijua, nakigeuza kichwani. Hii niligeuza mara mbili ili nihakikishe, akabaki wa kushoto. Pili, kila shuka analitandaza, analikagua, halafu midomo inatembea. Mashine ilikuwa inanguruma, sikumsikia, lakini mtu mzima anaongea nini na shuka? Anaficha ushahidi huyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kazi yake ni nguo.

— Si muuaji, alisema Bodi. Ni mfungwa. Tazama mlango wa kile chumba cha kufulia. Komeo liko nje. Nani anaweka komeo nje kama hajamfungia mtu ndani?

— Mbona jioni anatoka na mkoba wake, anaenda zake nyumbani?

— Hilo ni kosa la aliyetengeneza. Mfungwa hatoki na mkoba. Siipitishi.

Mama Kahawa alilinasa neno hilo. Aliyetengeneza. Alitaka kuuliza, kosa hilo ni kubwa kiasi gani, linarekebishika? Lakini Rimoti alikuwa ameshasimama, na akisimama Rimoti ujue akili imemzidi uzito.

— Nyie wote mmekaa gizani. Ile ni ya mizimu. Mashuka yanaruka kwenye kamba, yanajikunja, yanajipanga kabatini, chap chap.

— Spidi yako hiyo.

— Hata kwa spidi, shuka halina miguu. Hospitali imejengwa juu ya makaburi, yule mama anawafulia marehemu, na msimu wa pili marehemu wenyewe wanakuja kuchukua nguo zao.

— Ina msimu wa pili?

— Lazima iwe nao. Mimi mwenye simu alikuja kabla sijaelewa kitu.

Hapo wakashikana. Wembe akasema mizimu haitumii sabuni. Bodi akasema mizimu ingekuwepo isingehitaji mlango, kwa hiyo komeo lingekuwa la nini. Mama Kahawa aliwatazama mmoja mmoja. Muuaji, mfungwa, mizimu. Mwanawe atapiga simu muda wowote, na yeye ampelekee lipi kati ya hayo?

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mmoja aliyeleta ufunguo kwa Bodi atoe nakala. Hakuna aliyemjua. Alikuwa amesubiri kwa adabu mpaka adabu ikaisha.

— Samahani, alisema. Hiyo ya mashuka, ni nzuri? Natafuta kitu cha kuangalia na mume wangu leo.

Rimoti alikaa, upande wa tofali.

— Nzuri kivipi? aliuliza Bodi.

— Nzuri. Niiangalie au nisiiangalie?

Watu walioweza kukueleza nyangumi wanakwenda wapi wakatazama vikombe vyao. Mmoja aliiona kinyumenyume bila sauti, mwingine mbio mbio mpaka katikati, na wa tatu alitazama mlango.

— Ni nzuri, alisema Mama Kahawa.

Wote wakageuka. Miaka yote hiyo hawakuwahi kumsikia akitoa hukumu.

— Umeiangalia, mama?

— Nimeiangalia kitandani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Yule mama hafichi kitu. Anatandaza shuka, anasoma doa. Anasema, huyu kajifungua salama. Huyu kamwaga uji, basi amepata hamu ya kula. Kila shuka analisemea. Halafu linakuja moja, analitandaza, hasemi kitu. Analiweka kando, analifua peke yake, kwa mkono. Na aliyeshika kamera hakumharakisha, wala hakumwuliza. Alitulia tu naye mpaka akamaliza kulisuuza. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilipozinduka, birika lilikuwa limekauka jikoni, limeungua mpaka kitako.

— Birika? aliuliza Wembe, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za msiba. Wewe uunguze birika?

Simu ikaita kwenye mfuko wa aproni. Mama Kahawa aliipokea palepale, mbele ya benchi zima.

— Mama, shikamoo. Umewauliza wataalamu wako?

— Marahaba mwanangu. Nimewauliza.

Bodi alimtazama Wembe, Wembe akamtazama Rimoti. Taratibu, kwa spidi ya kawaida, walianza kuelewa.

— Wamesemaje?

— Achana nao. Usirudi chuoni. Nimesema mimi.

Akaibana simu kwa bega, akashika birika.

— Mama, binti akasema, kwani nilimuuliza nani mwingine?