Sylvi Ylitalo, Aliyepanda Kilima cha Lahti Kinyumenyume

Tumengoja miezi minne kumzika bibi yetu, hadi ardhi iliyoganda ilainike, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema kwamba tumefanya vizuri. "Gari la jeneza husukumwa na magurudumu ya nyuma tu," alimwonya binti yake Karen mwezi Novemba. "Mkinipeleka makaburini Januari mtakwama langoni, na safari hiyo sitaweza kushuka kusukuma." Leo, Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, barabara ni kavu, na tunamsindikiza kwa heshima aliyoitaka.

Sylvi Marjatta Haapala alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1941 katika kijiji cha Salmela, Rasi ya Keweenaw, kaskazini mwa Michigan. Alikuwa mtoto wa pili wa Eino na Hilma Haapala. Alizaliwa ndani ya sauna ya shambani, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye joto na usafi kama huo. Mkunga aliletwa kwa farasi. Gari la Mzee Eino lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo tangu Novemba, kama magari mengi ya wakati ule, likingoja majira ya kuchipua.

Alisoma Shule ya Msingi Salmela kuanzia mwaka 1947, kisha akaendelea na sekondari mjini Calumet, alikohitimu Juni 1959. Hata hivyo, somo alilolisimulia zaidi maishani hakulipata darasani. Februari 1956 baba yake alimpeleka katikati ya ziwa lililoganda, akamweka kwenye usukani, akamwamuru aongeze mwendo.

"Sasa kanyaga breki mpaka mwisho," baba akasema.

Gari lilizunguka mara tatu na kusimama likitazama lilikotoka.

"Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Umeona nini?"

"Nimeiona nyumba yetu mara tatu."

Mzee Eino alicheka hadi akavua kofia. Kisha akamrudisha mwanzo, na hawakuondoka barafuni hadi Sylvi alipojua kusimamisha gari bila kuitegemea breki.

Baada ya kufanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha maziwa, mwaka 1966 alianza kugawa barua za Salmela kama mtu wa akiba, akishika zamu mgawa barua wa kudumu, Bw. Urho Pelto, alipougua. Bw. Pelto alistaafu Septemba 1972. Njia yake ilikuwa ya maili arobaini na moja, na mgawaji alitakiwa kutumia gari lake mwenyewe, akikaa kiti cha kulia, cha abiria, kwa kuwa usukani wa Marekani uko kushoto, ili ayafikie masanduku ya kando ya barabara, huku mguu wa kushoto ukinyooshwa hadi kwenye pedali. Sylvi aliitaka kazi ile kuliko kitu kingine chochote. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1969, na bila ajira ya kudumu ingembidi ahamie Detroit na kumwacha mama yake peke yake shambani.

Walioiomba walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Reuben Ylitalo, mkata magogo mwenye kilo mia moja na kumi, aliyekuwa amenunua pikapu mpya inayosukumwa na magurudumu yote manne. Sylvi alikuwa na gari dogo la Kiswidi, lililovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo wanaume wa duka la ushirika waliliita kiatu.

"Sylvi, mama, Januari hicho kiatu chako tutakichimbua na beleshi," alisema Reuben mbele ya watu.

"Na hilo jumba lako, Reuben, litakufikisha mbali kweli. Mahali ambapo hata wa kukuvuta hafiki."

Mkuu wa posta, Bw. Lester Beaudry, aliamua kwa haki kadiri alivyoweza. Sylvi angepewa majira yote ya baridi kama majaribio. Akishindwa kufikisha barua siku tatu huku barabara ikiwa haijafungwa rasmi, kazi ingekwenda kwa Reuben. Alishindwa siku moja Desemba, alipoteleza mtaroni, na siku nyingine Februari. Ikabaki moja.

Mwanzoni mwa Aprili 1973 jua liliwaka wiki nzima. Wanaume wa Salmela wakafanya kosa wanalolifanya kila mwaka, na ambalo, kwa heshima zote, baadhi yenu mliopo hapa mmelifanya mwaka huu pia. Walishusha mifuko ya mchanga ya kuongeza uzito kutoka nyuma ya pikapu zao, wakavua minyororo ya magurudumu, wakafunga matairi ya kiangazi. Sylvi hakuvua kitu.

"Wee Sylvi, unangoja Krismasi?" wakamtania.

"Naingoja Mei," alijibu.

Jumanne tarehe 10 Aprili theluji ilianguka tangu alfajiri. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika kiunoni. Greda lilipita mara moja tu, na barabara haikufungwa. Sylvi aliondoka posta saa nne asubuhi akiwa na barua, minyororo magurudumuni, beleshi na ndoo mbili za jivu la jiko. Saa nane mchana, chini ya Kilima cha Lahti, alikuta pikapu mpya ya Reuben imelala mtaroni, tupu nyuma na nyepesi kama kopo, matairi yake ya kiangazi yaking'aa. Reuben alikuwa amesimama kando, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa theluji.

Kwetu hapa mtu aliyekwama hapitwi, awe ni nani. Sylvi alijua kwamba kila dakika aliyosimama ilikuwa inampa Reuben kazi. Alisimama.

"Pita tu, Sylvi," Reuben alisema. "Posta inafunga saa kumi na moja. Nitatembea."

"Utatembea hadi wapi na hivyo viatu? Ingia huku kwenye usukani. Wewe endesha, mimi nigawe."

"Nikusaidie unishinde?"

"Sikuombi msaada. Sina mfuko wa mchanga, na wewe ni mzito."

Reuben alijibana ndani mpaka gari likainama mbele, na minyororo ikashika theluji kama meno. Walipoanza kupanda, hata hivyo, uzito wote ulirudi nyuma, magurudumu ya mbele yakazunguka bure. Waliteremka taratibu hadi chini. Nyumba kumi na tisa zilikuwa juu ya kilima kile.

"Geuza gari," Sylvi alisema.

"Turudi nyumbani? Sawa, umejitahidi, bibie."

"Geuza, kisha tia gia ya nyuma. Tunapanda kinyumenyume."

"Sylvi, mlima uko huku!"

"Najua mlima uko wapi, Reuben, nimezaliwa hapa! Magurudumu yanayovuta yakiwa upande wa chini, uzito utayaangukia. Tazama nyuma, na usiguse breki."

Walipanda kinyumenyume, Reuben akiwa amepinda shingo, Sylvi akimwaga jivu dirishani. Walipofika juu, Mzee Arvo Nuttila, wakati huo kijana, alikuwa anafukua sanduku lake. Alidhani wanaondoka, akawapungia mkono wa kwaheri. Sylvi akampa gazeti lake.

Walirejea posta saa kumi na moja kasoro dakika kumi, mfuko ukiwa mtupu. Bw. Beaudry alimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Reuben, na wewe ulikuwa unafanya nini humo?"

"Mimi?" alisema Reuben. "Mimi nilikuwa mfuko wa mchanga."

Sylvi alipewa kazi siku ileile. Aliifanya miaka thelathini, hadi Agosti 2003, kwa magari sita, na hakushindwa tena hata siku moja barabara ilipokuwa wazi.

Reuben naye hakupoteza kila kitu. Alisema hajawahi kupangiwa kazi inayomfaa namna ile, na akaanza kufika shambani kwa akina Haapala kila Jumamosi. Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1974 katika kanisa la Kilutheri la Salmela. Mungu aliwajalia watoto wawili, Karen na Wayne. Reuben alitangulia mwaka 2011. Hadi mwisho wa ndoa yao walibishana kila vuli kuhusu matairi, na kila vuli Reuben alifunga yale aliyochagua mkewe.

Baada ya kustaafu, bibi yetu hakuacha kutukagua. Mjukuu yeyote aliyenunua gari alilazimika kulileta uani, naye alilizunguka akiwa na kikombe cha kahawa. "Matairi mapana," angesema. "Haya yataogelea juu ya theluji kama bata. Nani alikushauri? Mleteni huyo mtu."

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2021. Alilazwa hospitalini Hancock tarehe 8 Januari mwaka huu, na alimuuliza kila muuguzi anaendesha gari gani kabla ya kuuliza jina lake. Alifariki kwa utulivu asubuhi ya Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, watoto wake wakiwa kando yake, akiwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka themanini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Karen na mumewe Dale, na Wayne na mkewe Patrice, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Elsie, na dada yake, Bi. Irene Ruona. Ameacha pia masanduku mia moja arobaini na mawili ya barua. Siku ya ibada ya kumuaga, Januari ileile, mgawa barua wa sasa, Bw. Cody Aho, alikuta theluji imefukuliwa mbele ya kila sanduku, na bendera nyekundu imeinuliwa, kama inavyoinuliwa mtu akiwa na barua ya kuchukuliwa. Alisimama kwenye yote. Yote yalikuwa matupu. Alifika kanisani amechelewa, akahema, "Jamani, mna wazimu? Hakuna hata barua moja!"

"Hatukuwa na barua, kijana," Mzee Arvo alimjibu. "Tulitaka tu gari la posta lisimame kwa heshima yake."

Mungu ampokee Sylvi wetu, na ampe pumziko lenye amani.