Mama Spika na Gari Lililoimba Mvuani

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa kitengo cha umeme na sauti katika karakana yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake cha kazi halitumiwi na mtu yeyote isipokuwa mhasibu. Sisi wengine, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Spika, ingawa bungeni hajawahi kukanyaga.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu huu kwa sababu dirisha la stoo linatazamana na meza yake, na hakuna skrubu aliyowahi kuichukua bila mimi kuiona. Nimeonywa nisiandike kama mtu anayesoma risala msibani. Mhusika yuko hai, ameketi meza ya mbele, na nikikosea atanisahihisha kabla keki haijakatwa.

Hakuja hapa kama fundi umeme. Aliajiriwa kushona: viti vya magari, mapazia ya malori na maturubai. Cherehani yake ilikaa kwenye kona ile ambayo sasa tunarundika matairi mabovu. Fundi umeme wa wakati ule, mzee mpole tuliyemwita Babu Betri, alikuwa na tabia ya kupitisha waya palipo rahisi, hata kama ni katikati ya mshono ambao mwenzake ametoka kuumaliza. Siku alipotoboa turubai jipya ili apitishe waya wa taa, mshonaji wetu aliacha cherehani, akamfuata na kumwomba amwonyeshe waya huo unakwenda wapi. Babu Betri akamwonyesha. Kesho yake mama akarudi kuuliza umeme nao unarudi vipi. Haukupita muda mrefu akawa anashona asubuhi na kulehemu nyaya mchana, na Babu Betri alipoondoka, hakuna aliyejisumbua kutangaza nafasi.

Spika zote alizofunga alizijaribu kwa wimbo mmoja tu, wimbo wa harusi wa zamani wenye besi nzito na mwimbaji wa kike anayepanda juu hadi glasi zinaogopa. Alieleza kwamba spika ikiuvumilia wimbo ule, itavumilia lolote. Sisi tuliuvumilia kwa sababu hatukuulizwa. Wafanyakazi wenzetu wawili waliooana humu humu karakanani waliomba kwa heshima zote usipigwe kwenye harusi yao.

Kazi iliyomfanya ajulikane nje ya geti letu ilianza vibaya. Kikosi cha uokoaji kilituletea gari la wazi, lile la kupita njia mbovu, lisilo na milango wala paa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kando ya mto na kuwatahadharisha watu maji yanapopanda. Walitaka lifungwe redio, spika na maiki. Mama Spika alifunga spika za kawaida, chini karibu na miguu ya abiria, kazi safi kwa kuitazama. Mvua ya kwanza ilipopiga, koni zake za karatasi, zile zinazotetemeka kutoa sauti, zililowa kama mkate kwenye chai, na gari likarudi likikoroma.

"Gari lenu limeshikwa na mafua," kamanda wa kikosi alisema, bila kucheka.

Mama Spika hakutafuta wa kumsingizia. "Limeyapata mikononi mwangu," alijibu. "Niachie."

Alifungua kila kitu hadi gari likabaki mifupa. Kisha akafanya jambo ambalo fundi umeme wa kawaida asingelifikiria, lakini fundi wa maturubai angelifanya kwanza: akalimwagia maji, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama yanakopita. Alichora kwa chaki mahali yanapotuama, mahali yanapodondoka, na mahali yanaporuka magurudumu yakizunguka. Alipomaliza, gari lilikuwa na mistari myeupe mwili mzima.

Safari hii spika zilikuwa zile zinazotengenezwa kwa ajili ya boti, zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Alizifunga juu, kwenye bomba la chuma linalopita nyuma ya vichwa vya abiria, akaziinamisha kidogo ili maji yasipate pa kukaa. Nyaya zilipita ndani ya bomba la plastiki, na kila waya ulilegezwa ukaning'inia kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa, ili tone linalofuata waya lidondoke hapo badala ya kuingia ndani. Viungo vyote vililehemiwa, vikapakwa grisi, vikavalishwa mpira. Amplifaya, kifaa cha kukuza sauti, iliwekwa kwenye sanduku la chuma nyuma ya kiti cha dereva, juu ya miguu minne ya mpira. Redio aliishonea koti la turubai kwa mkono wake.

Alipochukua drili na kutoboa tundu chini ya lile sanduku, mafundi wa injini waliacha kazi waje kucheka. Unatafuta ukavu, halafu unatoboa?

"Maji yataingia tu," aliwaambia bila kuinua kichwa. "Nataka yawe na pa kutokea."

Siku ya majaribio aliwasha wimbo wake kwa sauti yote, akavuta mpira wa kuoshea magari na kulielekezea gari maji. Meneja alitoka ofisini mbio.

"Mama, unataka kuunguza mali ya watu?"

"Ikiungua hapa, bosi, ni mbele yetu," akasema. "Ikiungua huko mtoni, itakuwa mbele ya nani?"

Meneja alirudi ofisini, na wimbo haukukatika. Gari likachukuliwa. Katika furaha ya siku ile, Mama Spika alisahau kuichomoa flashi yenye wimbo wake kwenye redio.

Miaka kadhaa ilipita bila jambo kubwa. Kisha ikaja Jumapili moja ya mvua, mchana, watu wamekwisha kula na kujilaza. Huko juu mto ulikuwa umevunja kingo. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika, na mvua ilipiga mabati kwa kishindo kiasi kwamba watu wa mtaa wa bondeni wasingesikia hata nyumba ya jirani ikianguka. Dereva wa kikosi aliingia mtaa ule peke yake na gari la wazi. Alishika maiki, akatangaza mara mbili, na ya tatu maiki ikanyamaza. Spika zilikuwa nzima, redio nzima, amplifaya nzima. Maiki ndiyo iliyokufa.

Dereva alibonyeza kila kitufe alichokiona. Kimoja kilileta wimbo wa harusi.

Alitusimulia baadaye kwamba alitaka kuuzima, kwa aibu. Kisha mlango mmoja ukafunguka, akatoka mwanamume mwenye hasira. Halafu wa pili. Dereva akaupandisha hadi mwisho na kuendelea kwenda polepole, na kila aliyetoka kugomba alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe: mto unakuja, panda shuleni kilimani.

Katika nyumba ya karibu kabisa na mto alikaa dada mkubwa wa Mama Spika, mwalimu mstaafu, ambaye siku zote aliamini kwamba mdogo wake aliacha ufundi wa heshima wa kushona akaenda kulipwa kwa kupiga kelele. Kwa sababu hiyo walikuwa hawatembeleani sana. Alitoka na mwavuli.

"We dereva, una akili kweli? Harusi gani ya kwenye mvua hii?"

"Shikamoo mwalimu. Mto umevunja kingo. Toeni wazee, twende."

Mwalimu hakuitikia shikamoo. Aligeuka, akafunga mwavuli, na kuanza kugonga milango ya majirani kwa mpini wake. Maji yalipofika kwenye sakafu ya gari na kumlowesha dereva viatu, wimbo ulikuwa bado unalia, na kwenye viti vya nyuma walikuwa wameketi bibi wawili na mgonjwa mmoja aliyefungwa ndani ya blanketi. Jioni ile mtaa wa bondeni ulipoteza kuta, vyombo na mifugo mingi. Mtu hakupotea hata mmoja.

Mama Spika alipata habari jioni, akapanda shuleni kwa miguu. Alimkuta dada yake kwenye dawati la nyuma, amejifunika shuka la kuazima.

"Ule wimbo wako ni mbaya sana," dada yake alimwambia, kisha akamshika mkono na hakuuachia mpaka kulipokucha.

Kesho yake sote tulimsubiri getini tumpongeze. Alitupita, akaiomba ile maiki kutoka kikosini, akaifungua mezani pake. Ilitoka maji; ndicho kifaa pekee ambacho hakukikinga. Akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Nilipomuuliza kama yuko salama, alisema ni moshi wa kulehemu. Chuma cha kulehemu kilikuwa hakijawashwa. Baadaye, akinywa chai dirishani kwangu, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Dada alitoka kwa sababu wimbo ulimuudhi. Angekuwa mtu wa kupenda muziki, angebaki ndani akiusikiliza."

Hakutaka tena uhai wa watu utegemee bahati. Maiki iliyofuata aliisumbukia mwaka mzima. Aliifunika utando mwembamba, swichi yake akaivika mpira, mkia wa waya akauzungushia nta. Alipoona imekubali, aliitumbukiza kwenye ndoo mbele yetu, akaitoa ikichuruzika na kuitumia kuita jina la meneja. Meneja akaitika kutoka ofisini akidhani anahitajika. Tangu hapo magari yote ya wazi ya kikosi yamefungwa kwa mtindo ule, na vikosi vya miji mingine vimekuwa vikileta ya kwao. Dereva wa siku ile ameomba gari lake libaki na flashi.

Isidhaniwe kwamba kufanya naye kazi kulikuwa kulala kwenye godoro. Amewahi kunirudishia boksi zima la viungo vya waya kwa sababu kimoja kilikuwa na kutu isiyoonekana ila kwa macho yake. Sikio lake likiwa kwenye spika, hata moto ukiwaka, hakuitikii. Alikataa mara mbili kuhamishiwa ofisini, akisema kule hakuna kinachovuja ila maneno. Lakini mafundi saba aliowafundisha wanafanya kazi leo, na hakuna hata mmoja anayeogopa mvua.

Nyumbani anarudi kwa mume wake, fundi viatu, ambaye amekuwa akimpikia chakula cha jioni miaka yote hii bila kumuuliza kwa nini kachelewa, na kwa dada yake, aliyekuja kukaa wiki moja baada ya mafuriko na bado yuko.

Mwezi uliopita liliingia gari lingine la wazi. Fundi atakayeshika nafasi yake, mmoja wa wale saba, alilifunga lote peke yake na kupitisha nyaya upande ambao Mama Spika asingezipitisha. Tulimsubiri aje akague. Alilizunguka gari lile, mikono nyuma, akainama, akachungulia, akanyooka. Mkono wake mmoja ulinyanyuka kuelekea kwenye bisibisi mfukoni, ukasita, ukarudi mgongoni. Kisha akamwambia fundi, "Zamu yako kulimwagia maji," akaenda kunywa chai, na hakugeuka kutazama.

Mama Spika, asante kwa miaka yote uliyotupa, na kwa watu wa bondeni ambao leo wanatembea. Nenda nyumbani na amani. Afya isikupungukie, usingizi uwe mzito, na paa lako, mama yetu, lisivuje kamwe.