Wiki Mbili Alizoziomba Mchua Misuli

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninasoma maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Gumba, kwa sababu kidole chake kikishazama kwenye paja la mchezaji, hata beki mkorofi alimkumbuka mama yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1978, ambako alicheza winga msimu mmoja tu, goti likagoma, akaona kama hawezi kukimbia basi atawatunza wanaokimbia, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha tiba ya viungo.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi wa wodi ya mifupa, wakajaliwa watoto watatu, wote wakazaliwa siku za mechi, naye akawaona baada ya kipenga cha mwisho.

Tarehe 1 Agosti 1991 aliajiriwa na klabu kuwa mchua misuli, na kila asubuhi aliwaketisha wachezaji kwenye benchi, akawabonyeza mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari mbele ya kila jina, "anafaa" au "apumzike", kisha kocha akawapanga wote, maana mechi zilikuwa tatu kwa wiki, uwanja umeganda kwa baridi, misuli inakatika kama kamba za viatu. Kuanzia mwaka 2009 aliiandikia ofisi ya ligi barua kila mwaka, jumla kumi na saba, akiomba wiki mbili tu za mapumziko wakati wa baridi kali, na katibu wa ligi akamjibu mara moja tu, tena mkutanoni mbele za watu, kwamba hao ni vijana, watapumzika wakistaafu, naye marehemu akamwambia, bwana mkubwa, watastaafu mwezi ujao, kwa magongo, watu wakavunjika mbavu, ratiba ikabaki vilevile.

Januari mwaka huu alianza kubanwa na kifua, shemeji akamsihi aende hospitali, yeye akasema Jumatano kuna mechi, na Jumatano hiyo, tarehe 4 Februari, akaanguka pembeni mwa uwanja, tukafungua daftari lake, tukakuta amejiandika mwenyewe mwisho wa orodha, "apumzike", kisha akakata, akaandika "anafaa". Kaka, kosa lilelile ulilowagombezea makocha miaka thelathini na nne! Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Alhamisi, tarehe 19 Februari 2026, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliowalaza wageni wetu, na wafanyakazi wenzake, ambao hamuwaoni hapa, si kwa roho mbaya, tuliomba mechi ya leo isogezwe hata kwa siku moja, ligi ikasema ratiba imebana, ila saa kumi jioni, kabla ya mpira kuanza, wachezaji ishirini na wawili watasimama dakika nzima bila kukimbia, na hayo ndiyo mapumziko pekee aliyowapatia, kwa barua kumi na saba na uhai wake.

Pumzika kwa amani, kaka yetu, na huko uendako Mungu asikupangie mechi yoyote.