Mama Filister na Digrii Asiyokuwa Nayo

Mama Filister Omanga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka thelathini na mitano ya kutibu meno, kwanza Muhuru Bay, kisha hapa kwetu upande wa Homa Bay. Kamati ya sherehe imeniagiza nieleze kwamba muda wote huo alifanya kazi "chini ya madaktari wa meno". Nimeandika sentensi hiyo mara nne na kuifuta mara nne. Daktari wa meno wa sasa ni mimi, na sijui vizuri nani alikuwa chini ya nani.

Kwenye karatasi mambo ni rahisi. Yeye ni afisa wa afya ya kinywa, mwenye diploma ya miaka mitatu. Mimi nilisoma miaka mitano chuo kikuu, nikaongeza mmoja wa mafunzo kazini. Lakini nilipofika, wagonjwa walimwita yeye daktari. Jamaa mmoja wa kisiwa cha Remba alimuuliza mbele yangu, "Daktari, huyu kijana amesoma kweli?" Akamjibu, "Amesoma kuliko mimi. Fungua mdomo."

Nilimdunga jamaa huyo sindano ya ganzi, nikashika koleo, nikaelekea kwenye jino zima kabisa. Mama Filister alinishika mkono kimya kimya, akanisogeza jino moja nyuma. Yeye humtaka kila mgonjwa abonyeze jino linalouma kwa kidole chake mwenyewe kabla ya ganzi, na huyu alikuwa ameshambonyezea akiwa bado kwenye benchi. Chuoni sikufundishwa hivyo, au nilifundishwa nikiwa nasinzia. Niliona aibu sana. Hakumwambia mtu.

Sasa nimeomba kusomea upasuaji wa kinywa. Fomu ilitaka jina la aliyenifundisha kung'oa meno, nikaandika lake. Wiki iliyopita chuo kiliirudisha: mwalimu huyo lazima awe na digrii ya udaktari wa meno, la sivyo nafasi nitaikosa. Nilimwonyesha. Alicheka, akaniambia niandike jina la profesa yeyote, nisiharibu maisha yangu kwa ajili yake. Nikachanganyikiwa zaidi, maana sijawahi kumkaidi.

Mama Filister, sote tunakushukuru, na tunakuombea afya njema na mapumziko marefu nyumbani. Fomu nimeituma tena leo asubuhi. Jina ni lako.

Austine Kerosi, Idara ya Meno