Mti wa Lutufyo

Hapana, mimi sikuingilia, nilikaa nyuma yao tu kwenye ile Noah ya abiria na mkungu wangu wa ndizi. Prisca wa Masukulu alikuwa amewaka. Mwanae Lutufyo kafukuzwa shule, kisa kakata mti aliopanda mwenyewe kwenye somo la mazingira.

"Kila Ijumaa mnataka kuni za kupikia makande," akamwambia mwalimu aliyekaa naye, maskini, wa shule nyingine kabisa. "Azitoe wapi?"

"Shule hazina hela ya gesi, mama. Si kwenu kuna msitu?"

"Ule wa matambiko? Bibi yake kamfundisha mle hakiokotwi hata kijiti kikavu. Ndiyo maana kijito chetu hakijakauka. Nyie mmemfundisha nini?"

"Kupanda miti."

"Kapanda. Halafu mkamtuma kuni."

Nilicheka mpaka mkungu ukaniponyoka.

Tukashuka stendi Tukuyu bado wanagombana, na njaa ikatuingiza sote kwa mama lishe mmoja. Prisca akaonyesha mafiga yanavyofuka moshi. "Haya, muulize na huyu kuni kazitoa wapi."

Mwalimu akatazama moto, akatazama sahani, akanawa mikono. Basi tukakaa wote, tukala.